Ondoeni Magari Ufukweni

Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilimweka mbawakawa mmoja wa ufukweni, Habroscelimorpha dorsalis dorsalis, kwenye orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka. Zamani alijaa tele kutoka Massachusetts hadi New Jersey. Watu na magari walipouvamia mchanga, akatoweka karibu kote huko. Wengi waliosalia wako ghuba ya Chesapeake. Vikao vimekaliwa, mipango imeandikwa, na magari bado yanapita.

Mdudu mzima huonekana majira ya joto tu: mgongo mweupe, miguu mirefu, mbio za ajabu. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake, miaka miwili hivi, ni buu aliye shimoni. Huchimba kishimo wima pale maji yanapojaa na kupwa, kisha huziba mdomo wa kishimo hicho kwa kichwa, sawasawa na mchanga. Kijidudu kikikatiza, taya linakidaka. Mgongoni ana vindoano vya kujishikiza ukutani, windo lisije likamvuta nje. Ujanja huo wote haufui dafu mbele ya tairi. Gari likipita, kishimo kinafukiwa na buu anapondwa.

Sasa tazama ulinzi wenyewe. Kuna fukwe zinazofungiwa magari ndege wanapotaga, na makinda yakisharuka, njia inafunguliwa. Buu bado yuko palepale chini. Hiyo ni kufunga banda la kuku mchana na kuliacha wazi usiku.

Visingizio tumevisikia. Mvuvi ana mizigo. Mwenye nyumba analipa kodi. Na kwani huyu si mdudu tu? Mizigo yenyewe ni fimbo ya kuvulia na ndoo, na kodi hailipiwi ruhusa ya kusaga kila kilicho chini ya mchanga. Huko Chesapeake kuna shida nyingine, kuta za mawe za kukinga nyumba, ambazo zinaumeza ufukwe wenyewe. Hilo lina ugumu wake. La magari halina.

Dawa imeshajaribiwa. Kuanzia 2000, mabuu walichukuliwa kisiwa cha Martha's Vineyard, Massachusetts, wakapelekwa hifadhi ya Monomoy, kusikoruhusiwa magari. Leo mbawakawa wa huko wanahesabiwa kwa maelfu.

Basi halmashauri za pwani hiyo ziweke vizuizi kwenye kila ufukwe wenye mabuu, na vikae mwaka mzima. Anayetaka kuvua aegeshe gari barabarani, ashuke, atembee.