Sanamu Ina Bunduki, Haina Majina

Siku ya kwanza nilipofika Dar es Salaam kutoka kwetu Ndandalo, Kyela, mwenyeji wangu alinipeleka Barabara ya Samora kuiona sanamu ya Askari. Akaniambia, "Huyo ndiye babu yetu." Nikanyamaza. Leo najibu: siyo!

Kabla yake Wajerumani walimsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann, na chini yake askari mweusi akimtazama bwana. Jina hilo sisi wa ziwani tunalijua; meli yao ya Ziwa Nyasa iliitwa hivyo hivyo. Waingereza wakaiondoa sanamu ile. Ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, wakarudia mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao wakatuletea ya kwao, kazi ya mchongaji wao James Alexander Stevenson: askari mmoja, bunduki na singe.

Sasa, mpagazi yuko wapi? Maandishi ya chini yanamtaja, lakini juu kasimama askari peke yake. Nairobi amewekwa. Hapa Dar askari kapata sanamu, mpagazi kaachiwa jina la soko. Maana Kariakoo ni nini kama siyo Kikosi cha Wapagazi kilichotamkwa kwa ulimi wetu?

Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilipoingia kutoka Nyasaland, mizigo haikutembea yenyewe. Babu wa babu yangu alichukuliwa kubeba, hakurudi. Kaburi hatulijui.

Na kichekesho kikubwa ni hiki: maandishi yale yanaahidi kwamba anayekufa vitani jina lake litakumbukwa, halafu hakuna jina hata moja! Mwaka 2021 tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba wafu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Haya, tumesikia.

Ndiyo tabia ya sanamu ya kupewa, jamani. Anayetoa ndiye anayechagua nani asimame na nani asahaulike.

Mimi sisemi ivunjwe. Nasema vijana wenzangu tununue daftari, twende kwa bibi zetu tuandike majina kabla hawajaondoka nayo. La kwetu lipo: bibi alimpa kaka yangu. Kila anapoitwa kula, mpagazi mmoja anakumbukwa, bila shaba ya mtu.