Keki ya mteja wa mbali ihesabiwe pamoja na nauli

KUOKA keki na vileja nyumbani si jambo geni Jang'ombe, mtaa ulio nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kilichobadilika ni mteja. Zamani alikuwa jirani, mwenye duka au mwenye harusi. Siku hizi anaweza kuwa Pemba au Dar es Salaam, anaagiza kwa simu, analipa kwa simu, kisha anangoja mzigo wake bandarini au Posta.

Hiyo ni fursa nzuri, lakini pia ndipo hasara inapoanzia. Keki ya jirani hubebwa kwenye sahani. Keki ya mteja wa mbali hufungwa, hupangwa pamoja na mizigo mingine, hupigwa na joto na hupakuliwa na mtu asiyejua kilichomo. Anayeuza zote mbili kwa bei moja anamlipia mteja nauli bila kujua.

Chukua mfano wa keki ndogo 24 zinazouzwa Sh700 kila moja. Mauzo ni Sh16,800. Ikiwa unga, mayai, sukari na mafuta vimegharimu Sh10,000, mkaa Sh1,500, katoni na karatasi Sh1,500 na usafirishaji Sh2,500, jumla ya gharama ni Sh15,500. Zinabaki Sh1,300, na hapo mwokaji hajajilipa jasho lake. Keki nne tu zikivunjika na mteja akazikataa, mauzo yanashuka hadi Sh14,000 na faida inageuka hasara ya Sh1,500. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ni kuchagua kinachostahimili safari. Keki yenye krimu na mkate wa kumimina wenye tui la nazi vina majimaji mengi, hivyo huharibika haraka katika joto la pwani. Vileja vya unga wa mchele, samli na iliki, au visheti vilivyokaukiwa na shira, hukaa siku nyingi vikifungwa vizuri. Keki ndogo zisizo na krimu ziko katikati. Hizo zipoe kabisa kabla ya kufungwa, maana mvuke ukibaki ndani ya boksi huleta ukungu.

Boti ya kasi kutoka Unguja hufika Dar es Salaam kwa takriban saa mbili, hivyo keki iliyookwa usiku yaweza kuliwa kesho yake. Mzigo wa kwenda mikoani huchukua muda zaidi. Huo uwe wa vileja.

Ufungaji nao usifanywe kwa mazoea. Mfuko wa plastiki wa kubebea ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Tanzania Bara kuanzia Juni 1, 2019. Katoni ngumu, yenye karatasi za kujaza nafasi ili keki zisigongane, ndiyo kinga. Juu yake paandikwe jina la mwokaji, viungo vilivyotumika na tarehe ya kuokwa.

Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) nao wana nafasi yao. Ingefaa wawafuate waokaji mitaani, wawaeleze masharti kwa lugha nyepesi na wapange ada zinazolingana na ukubwa wa jiko, badala ya kungoja kuwakamata bandarini.

Mkulima na mfugaji wasidhani hili haliwahusu. Kila boksi linalofika salama limebeba mayai ya mfugaji na iliki ya mkulima, na mteja akiridhika huagiza tena. Mteja wa mbali hulipa kabla ya kuonja. Likimfikia boksi lililovundika, hatarudi, na wala hatasema ni la nani: atasema ni keki za Jang'ombe.