Farasi wa Napoleon
Picha ya Napoleon akivuka Alps juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kazi ya Jacques-Louis David ya mwaka 1801, ingali ikichapwa na kutundikwa sebuleni kana kwamba ni kumbukumbu ya vita. Kumbe Mei 1800 jemadari huyo alivuka juu ya nyumbu, nyuma ya jeshi lake, wala hakukubali kukaa mbele ya mchoraji. Watasema ni pambo tu, na pambo halidaiwi ushahidi. Basi mbona Paul Delaroche, aliyemchora baadaye juu ya nyumbu, kajikunyata kwa baridi, hapendwi hivyo? Mnunuzi huchagua utukufu, na David aliukusudia: kwenye mwamba uliomo pichani aliandika jina la Bonaparte juu ya la Hannibal, jemadari wa kale aliyevuka Alps hizo hizo.