Noeli yetu haina theluji

Kila mwaka, Majilio ikikaribia, wakristu wengi wa miji yetu ya Katanga wanatafuta pamba. Si ya kufunga kidonda. Ni ya kuweka juu ya sapini ya plastiki, ifanane na theluji ya Ulaya. Inje mvua inanyesha, matope iko njiani, wamama wanatoka kupanda mahindi. Lakini ndani ya kanisa tunajifanya tuko kwenye baridi ya Ubelgiji. Tuseme wazi: hiyo si imani, ni kuiga.

Wengine watajibu: Noeli ni moja dunia nzima. Ni kweli. Lakini someni Luka, sura ya 2. Hori iko, wachungaji wanaokesha inje usiku wako. Theluji haiko, sapini haiko. Wazungu walivalisha Noeli nguo za majira yao, na walifanya vizuri, kwa sababu Mungu aliwatembelea kwao. Basi sisi, juu ya nini tukatae kumpokea kwetu?

Wengine tena, zaidi wahubiri wa makanisa ya uamsho, wanasema ngoma na sanamu za mti ni vitu vya mashetani. Hao wamesahau historia. Kule magharibi, mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na nyuma yake mafundi wa kule walitengeneza misalaba ya shaba wakimpa Kristu sura ya mtu wa kwao. Huku kwetu Kamina, miaka ya 1950, Padri Guido Haazen pamoja na watoto wa masomo na walimu wao walitoa Missa Luba: maneno ni Kilatini ya Kanisa, sauti na ngoma ni za kwetu. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya namna ya Zaire. Na tarehe 1 Desemba 2019, siku ya Mungu ya kwanza ya Majilio, Papa Fransisko aliiongoza ndani ya basilika ya Mtakatifu Petro. Roma inapiga ngoma yetu, sisi tunanunua theluji yao!

Hasara ni kubwa. Mtoto akiona kila kitu kitakatifu kina sura ya ng'ambo, atafikiri Mungu pia ni mgeni hapa, na mikono ya babu yake haina faida. Fundi wa mti naye anabaki kuchongea watalii tu.

Majira yetu yana mafundisho yao. Majilio ni mbegu ndani ya udongo, mkulima anangojea. Kwarezima inakuta akiba imepunguka. Pasaka inakuja wakati mahindi inakomaa. Parokia ziagize kazi kwa mafundi wetu: hori ya matete na nyasi, mabua ya mahindi karibu na altare siku ya Pasaka. Anayeona haya kumtazama Kristu kwenye matope yetu, ajiulize kama anasadiki kweli kwamba Neno alitwaa mwili. Tuanze na Majilio inayokuja.