Mtaa unaozikana vizuri hauhitaji mfadhili

Kuna sentensi moja ambayo imeua mipango ya mitaani mingi kuliko wizi wa fedha na kuliko siasa: "Tukipata mfadhili, tutaanza." Husemwa vikaoni kwa sauti ya busara. Wazee wanaitikia kwa kichwa, katibu anaandika "kutafuta mfadhili" kwenye daftari, kikao kinafungwa kwa dua. Mtaro unaendelea kujaa taka, na masika yakiingia maji yanalala sebuleni kwa watu wale wale waliokuwa kikaoni.

Imani hii kwamba watu wa kipato cha chini hawawezi kuanza jambo lao mpaka fedha zitoke nje ya mtaa ni ya uongo. Ushahidi wa kuikanusha hauko mbali. Uko nje ya mlango wa kila msomaji wa makala hii.

Tazama msiba. Mtu akifariki saa nane usiku Manzese, Buguruni au Mbagala, jijini Dar es Salaam, jua halichomozi kabla turubai halijafungwa. Viti vimetoka nyumba hii, sufuria kubwa nyumba ile, mikeka imekusanywa msikitini au kanisani. Vijana wawili wametumwa kufuatilia kibali cha mazishi na wengine wamekwenda kuchimba kaburi. Akina mama wamegawana kazi ya mkaa, mchele na maji bila mtu kupaza sauti. Daftari la rambirambi amepewa mtu ambaye mtaa mzima unajua hagusi cha mwenzake, na baada ya maziko anasimama kusoma: kimepatikana kiasi hiki, kimetumika hiki, kimebaki hiki, wafiwa pokeeni. Chama cha kufa na kuzikana kina katiba, kina kiingilio, kina faini kwa asiyefika msibani. Hakuna andiko la mradi lililopelekwa popote. Hakuna mshauri aliyelipwa.

Kisha tazama harusi. Kamati inaundwa na mwenyekiti na mweka hazina, vikao vinakaa kila wiki, kadi za mchango zinatembea, ahadi zinafuatiliwa kwa simu mpaka mtu anaona aibu kupita njia ile. Ndani ya miezi mitatu mamilioni yamepatikana, na yote yanatumika usiku mmoja. Sina ugomvi na harusi. Watu wana haki ya kufurahi na watoto wao. Ninachokataa ni mtaa huo huo kuniambia, wiki inayofuata, kwamba hauna uwezo wa kununua mabomba ya mtaro wa mita mia moja.

Uwezo upo. Uongozi upo. Hata nidhamu ya fedha ipo. Tumeviweka vyote kwenye ncha mbili, kifo na sherehe, na maisha yaliyo katikati tumeyaacha kwa serikali na kwa mzungu fulani atakayekuja na gari jeupe. Ndiyo maana tunamchangia sanda mtu ambaye wiki moja kabla hatukumchangia nauli ya bajaji kumfikisha hospitali. Inauma kuiandika sentensi hiyo, lakini kila anayeishi uswahilini anamjua marehemu wa namna hiyo.

Tulifikaje hapa? Wapare walikuwa na msaragambo, na karibu kila jamii ya nchi hii ilikuwa na jina lake la kulima pamoja na kujengeana nyumba. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Lakini lazima tuseme ukweli wote: miaka iliyofuata, kujitolea kuligeuzwa amri. Watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na shamba la pamoja likawa la kukaguliwa na mgambo. Wengi walijifunza kuikwepa kazi ya pamoja kwa sababu hawakuwa wameulizwa. Baadaye uchumi uliyumba, miaka ya 1990 mashirika yakafurika, na tukajifunza somo jingine baya: kwamba kikao cha maendeleo kina posho, soda na karatasi ya kusaini. Vizazi viwili vimelelewa kati ya amri na posho. Haishangazi kwamba mtu akiitwa leo kwenye shughuli ya mtaa, swali lake la kwanza ni nani anagharimia.

Wenzetu wa Addis Ababa wana chombo kama chama chetu cha kufa na kuzikana. Wanakiita idiri: majirani wanachanga kila mwezi, wanamiliki hema, viti na vyombo, na mwanachama akifiwa wote wanakwenda. Ukimwi ulipoanza kuua kwa wingi, mifuko ya idiri ilielemewa na mazishi. Baadhi ya vyama hivyo vikakaa na kujiuliza swali gumu: kwa nini tunangoja mwenzetu afe ndipo fedha zake zitoke? Wakarekebisha katiba zao. Wakaanza kuhudumia wagonjwa majumbani na kutunza mayatima, kwa watu wale wale, hema lile lile, daftari lile lile. Mashirika ya nje yaliwatia moyo na mengine yaliongeza fedha, lakini yalikuta chama kipo, wanachama wapo na mchango unatembea. Mfadhili wa namna hiyo hana uwezo wa kuua mradi akiondoka.

Najua hoja ya kwanza dhidi yangu, na ni nzito. Watu watasema: tunalipa kodi, mitaro na hospitali ni kazi ya serikali, na wewe unawapa viongozi kisingizio cha kukaa. Ningekubaliana nao kama mtaa uliokaa kimya ungekuwa unapata huduma kwa haraka zaidi. Haupati. Mtaa usio na chama, usio na takwimu zake wala msemaji wake, ndio unaorukwa kila bajeti.

Hapa nitaomba msomaji anifuate mpaka Karachi, Pakistani, kwenye makazi ya Orangi. Mwaka 1980 mzee mmoja mtaalamu wa maendeleo, Akhtar Hameed Khan, aliwakuta wakazi wakiwa na imani kama yetu: kwamba maji taka ni kazi ya serikali, nayo itakuja kuifanya bure. Aliwaambia haitakuja. Wakaanza uchochoro kwa uchochoro, kila mmoja wenye nyumba 20 hadi 40. Wenyeji walimchagua mtu wao wa kukusanya michango, wakachimba, wakalaza mabomba na kujenga vyoo vya ndani. Ofisi ya Khan, iliyolipiwa na taasisi ya benki, ilitoa wapimaji, michoro na vifaa vya kuazima. Fedha za ujenzi wa uchochoroni zilitoka mifukoni mwa wakazi. Gharama ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ambayo mamlaka za jiji zilikuwa zikikadiria, na kazi ile imefika nyumba zaidi ya laki moja.

Na serikali je? Hiki ndicho kiini. Orangi haikuiachilia serikali. Ilichora mstari: choo na bomba la uchochoroni ni letu, bomba kuu na mtambo wa kusafisha maji taka ni lenu. Wakazi waliokwishalaza mabomba yao walikwenda kudai bomba kuu wakiwa na ramani mkononi. Ni vigumu sana kwa ofisa kumwambia mtu wa namna hiyo asubiri.

Hata hapa kwetu serikali inaegemea majirani bila kutamka hivyo. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 na unaopokea simu bure kwa namba 115, unawasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo, anayeitwa ni dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa. Maisha ya mama yanaokolewa na mtu wa mtaani mwenye gari, simu na moyo.

Hoja ya pili ni kwamba viongozi watakula fedha. Wapo watakaojaribu. Lakini tunazungumza kana kwamba dawa haijapatikana, wakati maelfu ya wanawake wanaitumia kila wiki. Mtindo wa sanduku la kuweka na kukopa ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku hana hata mmoja. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Hisa zina hesabu yake na mfuko wa jamii una yake. Mwisho wa mzunguko fedha zote zinagawanywa na sanduku linaanza upya. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya aina hii daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri. Anayeogopa wizi aige kufuli tatu kabla ya kukataa kuchanga.

Ninachoogopa zaidi ya wizi ni mgeni rasmi. Wakenya walijenga shule nyingi kwa harambee katika miaka ya mwanzo ya uhuru wao, kisha wanasiasa wakapanda jukwaani na bahasha, na mchango wa jirani ukafunikwa na mchango wa mheshimiwa. Mambo yaliharibika kiasi kwamba Julai 2024 Rais William Ruto aliagiza viongozi na watumishi wa umma wasishiriki tena harambee. Jirani aliyetoa elfu mbili akisikia mheshimiwa katoa milioni tano hurudisha mkono mfukoni, na hawezi kulaumiwa. Shughuli ya mtaa iwe ya mtaa.

Tufanye hesabu. Nyumba 40, kila moja Sh2,000 kwa wiki. Nyumba nyingi za uswahilini zina wapangaji kadhaa, kwa hiyo kila chumba kinatoa mia chache tu. Kwa mwaka ni Sh4,160,000. Kwa kiwango cha bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa kilichotumika mikoani, Sh30,000 kwa kaya ya watu sita, fedha hizo zingekatia kadi kaya zaidi ya 130. Au zingejaza mfuko wa nauli ya hospitali usiokauka. Na wewe unayesema "mimi mpangaji tu", mbu wa mtaro ule hawaulizi hati ya nyumba.

Sidai kwamba mchango wa mtaa utajenga barabara ya lami au kulipa daktari bingwa. Kuna kaya ambazo kweli hazina hata mia mbili ya wiki, na katiba yoyote ya mtaa inapaswa kuzisamehe mchango na kuzipa huduma kamili. Kaya hizo leo zinasaidiwa kwa kubahatisha, na jirani mwenye huruma akihama zinabaki bila mtu.

Basi kwenye kikao kijacho cha kikoba, au cha chama chenu cha kufa na kuzikana, simama utoe hoja moja: sehemu ya mfuko itoke mwanachama akiwa hai. Anzeni na nauli ya usiku. Muwe na dereva mmoja wa bajaji mnayemwamini, namba yake ibandikwe kila mlango, na fedha ziwe kwa mweka hazina anayeamka akigongewa. Atakayejibu kwamba tusubiri mfadhili, mwombeni asome kwa sauti daftari la rambirambi la msiba uliopita.