Nani Aliwaambia Roki Ni ya Mababi?

Ingia kwa kinyozi yeyote Umoja siku ya Jumamosi, kaa kwenye kiti, kisha umwombe akuwekee Metallica. Mashine itazimwa kwanza. Wanaongoja kwenye benchi watainua vichwa kutoka kwenye simu, na yule mwenye mdomo kuliko wote atauliza: "Buda, kwani siku hizi unaishi Lavington?" Watu watacheka, utanyolewa kwa rege, na mambo yataishia hapo.

Mimi nasema yasiishie hapo. Kicheko hicho cha Lavington, mtaa wa matajiri, kimebeba imani ambayo Eastlands nzima, upande huu wa mashariki wa Nairobi, imeimeza bila kutafuna: kwamba roki ni kelele za wazungu, kwamba Mwafrika anayeipenda ni babi, yaani mtoto wa matajiri, au anatamani kuwa babi, kwamba kijana wa Jericho, Dandora au Kayole akianza kubishana kuhusu Nirvana na Pearl Jam, basi ama alisomeshwa shule za pesa nyingi, ama kuna nati imelegea kichwani. Imani hii ni ya uongo, na wanaoishikilia ndio wanaoivunja kila wikendi.

Chukua Jumapili alasiri. Pita baa yoyote ya Buruburu au Donholm uwakute wazee na nyama yao kwenye ubao, wakiimba na Kenny Rogers, Don Williams na Jim Reeves neno kwa neno, macho yamefumbwa. Hao ni wazungu, walioimba treni, farasi na upweke wa mashamba ya mbali. Sijui muziki wa Marekani unaojitangaza kuwa wa mzungu kuliko kantri. Hata hivyo tumeufanya wetu, mpaka tukamzaa Elvis Otieno, anayejiita Sir Elvis, akatuimbia kantri kwa kofia na buti. Umewahi kumsikia mtu akimuuliza mzee wa Donholm kama amehamia Lavington? Huyo anaitwa mzee mwenye kumbukumbu, na anaongezewa moja baridi.

Rege ilitoka Jamaika. Leo ukimwambia makanga wa Kariobangi kwamba Bob Marley si wake, utashushwa kabla ya kituo. Hip hop ilitoka Bronx, New York, na hakuna anayewaona Kalamashaka kuwa wageni Dandora, mtaa ambao waliubeba begani katika miaka ya 1990 walipotoa "Tafsiri Hii". Na Arsenal je? Ni timu ya London kaskazini, lakini ikifungwa kuna watu Umoja wanaolala njaa kwa hiari yao.

Kwa hiyo tuache kumsingizia mzungu. Hatujawahi kukataa kitu kwa sababu kilitoka kwake. Tunachokikataa ni kile tulichowaona watoto wa matajiri wamekishika. Roki ya miaka ya 2000 ilitufikia ikiwa imevaa nguo zao: matamasha ya Westlands, kiingilio cha kukata pumzi, suruali za kubana, Kiingereza cha puani. Tuliwaona waliosimama getini tukaamua kwamba wao ndio wenye muziki. Kumbe tulikuwa tunasoma bei ya tiketi. Wakati huohuo X FM ilikuwa ikipiga roki kutwa kwenye 105.5, na mawimbi ya redio hayamuulizi mtu anakaa wapi. Yalifika Kayole vilevile. Kuna waliosikiliza kwa sauti ya chini ili jirani asijue.

Hoja ya asili ya roki imesemwa mara nyingi mpaka imechoka, kwa hiyo nitaipitia mbio. Sister Rosetta Tharpe, mama mweusi wa kanisani, alikuwa akiliungurumisha gitaa la umeme miaka mingi kabla ya Elvis Presley kujulikana. Chuck Berry alirekodi "Maybellene" mwaka 1955. Jimi Hendrix hahitaji utangulizi. Anayesema huu ni muziki wa wazungu awaambie kwanza hao watatu.

Lakini hata tukiwaacha, tuwachukue wazungu wenyewe, tena wazito kuliko wote: Black Sabbath. Hawa si watoto wa matajiri, wa Karen ya huko kwao. Wametoka Aston, mtaa wa wafanyakazi katika jiji la viwanda la Birmingham. Mwimbaji, Ozzy Osbourne, aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi kichinjioni, akafungwa jela kwa wizi. Mtu wa Kiamaiko, anayeamka alfajiri kuchinja mbuzi, angemwelewa kabla hajafungua mdomo. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa fundi wa chuma. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, aliwekwa kwenye mashine isiyokuwa yake kwa sababu mwenyewe hakuja. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili.

Ngoja hapo kidogo, maana hapa ndipo imani yetu inapovunjikia. Iommi aliambiwa gitaa limekwisha. Akaenda nyumbani, akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea ncha za vidole, akazivisha ngozi ili zishike nyuzi. Kwa kuwa nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza. Nyuzi zilizolegezwa zilitoa sauti nzito, ya chini, ya kuogofya, na sauti hiyo ikawa sehemu ya msingi wa kile dunia inachokiita hevi metali. Sasa shuka Kamukunji, pale wanapogonga masanduku ya shule, sufuria na majiko kutoka asubuhi hadi jua linapozama, uniambie kama hiyo si jua kali tupu. Chupa iliyoyeyushwa! Watu wanaotoka Kaloleni, Makongeni na Mukuru kwa miguu kwenda Industrial Area kabla hakujakucha wana haki ya muziki huu kuliko mtu yeyote anayeusikiliza ndani ya gari lenye kiyoyozi. Umetengenezwa na wenzao, kwa kelele za mashine wanazozijua.

Wala gitaa halikuingia Nairobi likipitia Westlands. Katika miaka ya 1960 Daudi Kabaka, mfalme wa twist, alikuwa akiwachezesha watu wa jiji hili, na mwaka 1968 bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes iliuchukua wimbo wake, "Helule Helule", ikauingiza katika ishirini bora za Uingereza. Yaani vijana wa kizungu wenye magitaa walimwiga Mkenya. Sijasikia kinyozi wa London akiwauliza kama wamehamia Makadara.

Kuna wale wanaokuja na hoja ya shetani. Wengi wetu tulilishwa shuleni habari ya kanda ya roki inayochezwa kinyumenyume mpaka Lusifa akaongea. Serikali yenyewe ilikuwa na homa hiyo: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani, ikaongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Basi niwaambie. Bendi ya panki ya hapa Nairobi, Crystal Axis, ina wimbo unaoitwa "Nyayo House". Jina linatosha. Wakati sisi tulipokuwa tukiogopeshwa na kanda, shetani wa jiji hili alikuwa na ofisi katika ghorofa ya chini ya jengo la serikali, akiwatesa watu kwenye seli zilizojaa maji, na walioliimba jambo hilo kwa hasira inayolistahili ni vijana wa magitaa.

Sasa nifike kwenye ubishi, maana ndio uliotuletea kesi hii. Wanasema: kubishana kuhusu bendi za watu usiowajua, wa nchi usiyoiona, ni kazi ya wasio na kazi. Haya. Mwaka 1983 Metallica walimfukuza mpiga gitaa wao, Dave Mustaine, kabla hata hawajarekodi albamu ya kwanza. Walimpandisha basi New York, akakaa humo siku kadhaa mpaka California, na kwa uchungu akaunda Megadeth. Tangu hapo dunia imegawanyika. Ukimsimulia hayo mpenzi wa Les Wanyika wa pale Shauri Moyo, hatashangaa hata kidogo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakawa na Simba Wanyika yao. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakaondoka, wakaunda Les Wanyika, wakaja na "Sina Makosa" iliyofunika kila kitu. Baadaye Issa Juma naye akajitenga na Super Wanyika yake. Mpaka leo kuna wazee wasioweza kumaliza chupa bila kuulizana: nani aliyekuwa Wanyika halisi? Gitaa la nani lilikuwa tamu? Aliyeondoka alikosea, au waliobaki ndio waliomsukuma?

Ni ubishi uleule. Wana wa wazee hao waliurithi wakaufanya wa studio za Ogopa na Calif. Aliyekuwa shule ya upili mwanzoni mwa miaka ya 2000 anakumbuka bweni lilivyogawanyika: huku E-Sir na Nameless, kule Nonini na Jua Cali kutoka mtaa wa California, huku wakiitwa watu wa kapuka kwa dharau, kule wakijigamba na genge. Watu walinyimana chumvi. Hakuna mzazi aliyesema watoto wamepotoka, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mtu hubishania kilicho chake. Kitu cha wageni hukipigia makofi kwa adabu, basi. Siku vijana wa Kariobangi walipoanza kutupiana maneno makali juu ya Linkin Park, kama bado ni Linkin Park bila Chester Bennington aliyefariki 2017, au kama yule dada mpya, Emily Armstrong, anastahili kipaza sauti, siku hiyo kesi ya umiliki ilikwisha.

Ila siwaachi mashabiki wenyewe. Wao ndio wanaowapa wapinzani risasi. Nimewasikia: kijana anabishana kuhusu Gor Mahia na Leopards kwa Sheng inayotiririka kama maji, lakini ukitaja Slipknot tu, anabadilisha gia na kuanza Kiingereza cha redioni. Kwa nini? Nani alisema riff haiwezi kuchambuliwa kwa lugha ya base? Wengine wamelichukua tusi wakaligeuza beji: eti roki ni muziki wa wenye akili, na wenzao wa gengetone ni mbumbumbu. Huo ni ubabi usio na pesa, na sijui uchungu unaozidi huo. Kabla ya kumdharau jirani yako anayeskiza Mbogi Genje, kumbuka Tony Iommi hakuingia kiwandani kutafuta muziki wa wasomi.

Angalieni Duma, wale wawili, Martin Khanja na Sam Karugu. Albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ina kelele ambazo zingemfanya Ozzy ashike masikio, na jina lao ni la Kikuyu, maana yake giza. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 na kuitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa kike wa Mau Mau aliyefariki mwaka uliotangulia. Mtu anayenguruma kwa ajili ya msitu wa Nyandarwa hana haja ya kuomba ruhusa Westlands wala kwa kinyozi.

Na nyinyi mnaoandaa matamasha, msijifiche nyuma ya vichwa vyetu. "Eastlands hakuna soko la roki" ni kauli mnayoipenda, ila sijaona mkilitafuta soko lenyewe. Tamasha linaanza usiku, upande mwingine wa jiji, linaisha matatu za Kayole zikiwa zimelala au zimepandisha nauli mara mbili. Kisha mnahesabu vichwa na kusema watu wa huku hawakuja. Ukumbi wa Kaloleni upo, ule ambao wazee waliuita House of Commons kwa sababu siasa za jiji zilipikwa humo. Jericho kuna ukumbi. Leteni spika mchana, Jumamosi, kwa bei ya mtu anayelipwa kwa siku, halafu ndipo mniambie habari za soko.

Mkija, jueni msimamo wangu mapema ili tusipoteze muda. Black Sabbath ni wakubwa kuliko Led Zeppelin, na hilo silijadili na mtu ambaye hajawahi kushika nyundo. Nirvana walikuwa na nyimbo, Pearl Jam walikuwa na bendi. Mimi nachukua nyimbo. Na kuhusu Metallica na Megadeth: mpaka 1986, na Master of Puppets mkononi, Metallica hawakuwa na mpinzani. Lakini Rust in Peace ya 1990 ukiiweka kando ya ile albamu nyeusi ya mwaka uliofuata, yule jamaa aliyepandishwa basi ndiye aliyeshinda. Anayepinga aje Jericho, na aje na sababu.