Mteja Hapatikani, Naye Amekaa Mbele Yangu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

YAH: SAUTI INAYOSEMA "MTEJA HAPATIKANI"

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Lushoto. Wengi wanaonijia hawana kioo kilichopasuka wala chaji isiyoingia. Wanakuja na simu nzima kabisa na neno moja: "Fundi, nikipigiwa sipatikani."

Jioni moja alikuja mzee kutoka bondeni, simu yake ameifunga kwenye leso. Mwanawe yuko Dar es Salaam. Kwa siku tatu mfululizo, kila jioni, kijana alikuwa akimpigia baba yake na kujibiwa kwamba mteja hapatikani kwa sasa, ajaribu tena baadaye. Wawili hao waliachana vibaya mara ya mwisho kwa ajili ya kipande cha shamba, kwa hiyo kijana hakuhitaji maelezo mengine: baba amezima simu makusudi. Akampa ujumbe binamu yake aliyekuwa anapanda basi kuja huku. Mwambie baba, kama amenikasirikia, aniambie kwa kinywa chake.

Nikaiweka simu ya mzee juu ya meza. Inawaka, chaji ipo, vijiti vya mtandao vimejaa. Nikampigia kwa simu yangu, ambayo ina laini ya kampuni nyingine. Mteja hapatikani. Nikarudia. Mara nne nilisikia sauti ileile, mara ya tano ikaita. Kisha nikaazima kwa jirani simu yenye laini ya kampuni ya mzee mwenyewe, nikapiga mara tano, ikaita zote tano. Mzee alikuwa akisikiliza. Akaniambia taratibu, "Mwambie huyo dada kwamba mimi nipo hapa."

Ndugu Mkurugenzi, wataalamu wako wanajua kilichotokea. Nakieleza kwa ajili ya wengine watakaosoma barua hii. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, simu yako inaongea na mnara, mnara unapeleka ombi kwenye swichi ya kampuni yako, nayo inatafuta njia ya kuvuka kwenda kwenye swichi ya kampuni ya pili. Huko kuna daftari linaloonyesha simu unayoitafuta ilionekana mara ya mwisho katika eneo gani. Minara ya eneo hilo inaiita kwa pamoja, simu ikiitikia ndipo unasikia mlio. Pale mezani kwangu minara ilimwona mzee vizuri, na laini yake ilikuwa nzima. Ninavyoona mimi, simu zangu zilikwama pale katikati, kwenye njia za kuvukia kutoka kampuni moja kwenda nyingine, saa ya jioni ambapo kila mtu anapiga.

Njia hizo zina idadi, na hilo peke yake si kosa la mtu. Mwaka 1917 A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha fomula ya kukokotoa ni simu ngapi zitakosa njia, ukishajua njia ni ngapi na wapigaji ni wengi kiasi gani. Mitandao inajengwa kwa hesabu hizo hadi leo. Kwa hiyo sidai kwamba kila simu iingie. Ninachodai ni ukweli pale isipoingia.

Maana ukweli upo, na mitambo inaujua. Simu inaposhindikana, swichi hupeana namba ya sababu. Namba hizo zimepangwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika waraka wake uitwao Q.850. Namba 1 maana yake namba uliyopiga haijagawiwa mtu. 17, anayepigiwa anatumia simu. 20, simu yake haionekani mtandaoni. 34, hakuna njia iliyo wazi. Hizi ni habari nne tofauti kabisa, lakini 20 na 34 mara nyingi zinafika sikioni kwa mpigaji zikiwa sentensi ileile moja. Sababu ya 34 ikitangazwa kwa maneno "mteja hapatikani", mteja amesingiziwa. Kampuni imekosa njia, na lawama amebebeshwa mzee wa watu.

Sisemi kwamba makosa yote ni ya kampuni. Wengi wanaonijia wana simu za laini mbili, na katika simu nyingi za aina hiyo ukiwa unaongea kwa laini moja, ile ya pili inakuwa kama imezimwa. Nimewaeleza wake kwa waume, na nimeona nyuso zikilegea. Wengine simu zao zinashika 4G, lakini ili zipokee simu lazima zishuke kwenye 3G au 2G, na mabondeni kwetu huko chini hakuna cha kushika. Kuna walioelekeza simu zao kwenda namba nyingine bila kujua. Hao nawabonyezea ##002# na mambo yanaisha. Wengine inatosha kuwasha hali ya ndege na kuizima, simu ijiandikishe upya kwenye mnara. Hayo tunayamudu sisi mafundi. Njia iliyojaa kati ya kampuni mbili siwezi kuifungua kwa bisibisi.

Naomba basi, chini ya mamlaka mliyopewa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, mzitake kampuni zitenganishe matangazo yao. Njia zikijaa, sauti iseme kwa Kiswahili kinyoofu: "Njia zetu zimejaa. Unayempigia hana tatizo. Tafadhali rudia." Naomba pia mteja akipiga huduma kwa wateja na kutaja namba, siku na saa, asomewe sababu iliyoandikwa kwenye mtambo, asiishie kuambiwa azime simu na kuiwasha. Na pale simu inapokwama kwa sababu ya mtandao, aliyekuwa akitafutwa apelekewe ujumbe mfupi kwamba fulani alikupigia na sisi ndio tuliokwama. Kampuni zinatutumia ujumbe wa bando kutwa mara tatu. Huu mmoja hauwezi kuzishinda.

Jioni ile mzee alimpigia mwanawe kutoka kibandani kwangu, na ikaingia mara moja. Niliisikia sauti ya kijana kutoka upande wa pili: "Kumbe leo umeiwasha, baba." Mzee akajaribu kueleza, akaacha. Alipokata aliniomba nimwandikie. Nikachana karatasi kwenye kitabu cha risiti, nikaandika kwamba nimeipima simu hii, ni nzima, na kwamba imeshindwa kupatikana ikiwa inawaka mbele yangu. Nikaweka tarehe na saini. Akaikunja ndani ya leso pamoja na simu, akasema ataipeleka stendi asubuhi, basi la Dar litaichukua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi simu, Lushoto